Daftari la Visima vya Olkaria

Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, X-1 na X-2, vilichimbwa kati ya 1956 na 1958, Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza, na vyote viwili vilikataa kutoa mvuke. Si kwamba chini hakukuwa na moto. Vipimajoto vilivyoshushwa humo vilionyesha zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, na juu ya ardhi, katika magenge ya Hell's Gate kusini mwa Ziwa Naivasha, mvuke ulikuwa ukifuka kwenye nyufa za miamba mchana na usiku. Lakini vali ilipofunguliwa, kisima hakikutapika. Maji yaliyojaa ndani ya bomba yalikuwa mazito mno kwa shinikizo la chini kuyasukuma. Baada ya majaribio kadhaa, kampuni zilizogharamia kazi hiyo zikafungasha vifaa, na Olkaria ikaachwa kwa zaidi ya miaka 10.

Kipimajoto humwambia mchimbaji kwamba amefika penye moto. Hakimwambii kama mwamba una nyufa za kupitisha maji, nyufa hizo zinafika wapi, wala kama maji yaliyomo ni ya kutumika miezi 6 au miaka 50. Hayo hujulikana kwa kukifungua kisima, kukiacha kitoe, na kuandika kinachotoka, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kenya leo hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwenye jotoardhi, na kila mtambo mpya unapozinduliwa utepe hukatwa na hotuba husomwa. Mimi naamini heshima kubwa zaidi inawastahili wale walioandika, kwa sababu bila madaftari yao hakuna ambaye angejua ni mtambo wa ukubwa gani unaofaa kujengwa.

Uchunguzi ulianza upya mwaka 1970, safari hii kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na kampuni ya umeme ya East African Power and Lighting. Wataalamu walilizunguka Bonde la Ufa, wakapima Bogoria, wakapima Eburru, kisha wakarudi palepale Olkaria. Mwaka 1971 walifaulu kukiamsha kimojawapo cha visima vile vya zamani. Njia moja ya kukiamsha kisima kizito ni kushindilia hewa ndani yake hadi maji yasukumwe chini kwenye joto, kuyaacha yapashwe huko, kisha kuifungua vali kwa ghafla. Shinikizo likiondoka mara moja, maji huchemka, huwa mepesi, hupanda, na yakishaanza kupanda hujivuta yenyewe.

Kisima cha kwanza cha awamu hiyo mpya, OW-1, kilichimbwa 1973 upande wa kusini. Kilishuka mita 1,000 hivi na hakikukuta joto la maana. OW-2 kilisogezwa kaskazini-mashariki, na hicho kikatoa. Mtu anayetazama ramani leo anaweza kuona jambo hilo kuwa dogo, kisima kimoja kibovu na kimoja kizuri, lakini kwa waliokuwa na visima vinne tu katika eneo lote la volkano, tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yenyewe. Rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, ikabaki mashariki, na visima vikafuatana. Kufikia 1976 kulikuwa na vya kutosha kwa washauri kutoka Sweden na Iceland kuandika ripoti ya upembuzi yakinifu.

Ni vizuri kusimama hapa na kuona jinsi kisima kinavyopimwa, maana historia yote inayofuata inategemea tarakimu zinazopatikana hapo. Kisima kikifunguliwa, mchanganyiko wa mvuke na maji hutoka kwa mngurumo unaosikika mbali sana. Huelekezwa kwenye silensa, mapipa mawili makubwa yaliyosimama wima, ambamo mchanganyiko huzungushwa hadi ukatengana: mvuke unapaa angani kama wingu jeupe, maji yanaanguka chini na kutoka kupitia sanduku la chuma lenye mkato wa umbo la V. Fundi husoma kimo cha maji yanayopita kwenye mkato huo, na kutokana na kimo hicho hukokotoa ni tani ngapi za maji zinapita kwa saa. Kisha husoma geji nyingine iliyofungwa mwisho kabisa wa bomba, pale mchanganyiko unapotoka kuingia kwenye silensa.

Geji hiyo ya mwisho wa bomba ni urithi wa mhandisi Russell James wa New Zealand. Mapema miaka ya 1960 aliona kwamba mchanganyiko wa mvuke na maji unapotoka bombani kwa kasi ya juu kabisa inayowezekana, shinikizo la kwenye mdomo wa bomba lina uhusiano wa kudumu na mambo mawili: kiasi cha vitu vinavyotoka, na nishati iliyomo katika kila kilo, yaani enthalpi. Ukijua shinikizo la mdomoni na ukijua maji yaliyobaki baada ya mvuke kupaa, unapata yote mawili. Geji moja, rula moja, na fomula inayotoshea kwenye mstari mmoja. Hakuna haja ya kushusha chombo chochote ndani ya kisima kinachounguruma.

Enthalpi ndiyo inayozungumza zaidi. Maji yenye nyuzi 240 yana takriban kilojuli 1,040 katika kila kilo. Mvuke mkavu wa joto hilohilo una takriban 2,800. Kisima kikitoa 1,040, mhandisi anajua kwamba huko chini kinakunywa maji matupu ambayo huchemka yakiwa njiani kupanda. Kikitoa 2,800, kinakunywa mvuke mtupu. Visima vya Olkaria Mashariki vilipoanza kupimwa, vingi vilitoa zaidi ya 2,000, na vingine viliendelea kupanda kadiri vilivyoachwa wazi. Tarakimu hizo zilisema mambo ambayo jicho lisingeweza kuyaona: kwamba kwenye kina cha mita 700 hivi kuna tabaka la mvuke lililofunikwa na mwamba usiopitisha, kwamba chini ya tabaka hilo kuna maji yaliyo kwenye ukingo wa kuchemka, na kwamba mwamba wenyewe unapitisha kwa shida. Penye mwamba wa namna hiyo, shinikizo la karibu na kisima hushuka haraka, maji yaliyomo kwenye vitundu vya mwamba huchemka kwa joto la mwamba, na mvuke ulio mwepesi hufika kisimani kabla ya maji.

New Zealand walikuwa wamekwisha kuipitia njia hii. Huko Wairakei walianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1940 na kituo cha umeme kikaanza kazi 1958. Walichota bila kurudisha maji ardhini, na shinikizo la chini likashuka kwa takriban bar 25. Kilichowashangaza wahandisi ni kwamba lilishuka kwa pamoja. Visima vilivyokuwa mbalimbali vilionyesha karibu anguko lilelile. Hapo wakajua kwamba chini yao hakukuwa na vyumba vilivyotengana. Palikuwa na hifadhi moja ya maji ya moto iliyounganika, na kila kisima kilikuwa kikivinyang'anya vingine. Mwaka 1969, Whiting na Ramey, Wamarekani waliotoka kwenye elimu ya mafuta na gesi, walizichukua takwimu za Wairakei wakaipigia hifadhi hesabu ya mizania: kiasi kilichotoka, kiasi kilichoingia, nishati iliyobaki. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu takwimu za Wairakei zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kuzihitaji, na uwazi huo uliipa elimu hii nusu ya msingi wake.

Olkaria haikuwa Wairakei. Mwamba wake ulikuwa mgumu kupitika, na anguko la shinikizo kwenye kisima kimoja halikusambaa haraka hadi kingine. Kwa hiyo uamuzi uliofanywa Kenya kuhusu ukubwa wa kituo ulikuwa, kwa maoni yangu, uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii. Hawakujenga kituo kikubwa kwa mkupuo. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi 1981, wa pili wa megawati 15 mwishoni mwa 1982, wa tatu 1985. Katika kila hatua hifadhi ilipewa nafasi ya kujibu kabla ya kuongezewa mzigo. Kwa ukubwa wa kibiashara kilikuwa kituo cha kwanza cha jotoardhi Afrika, ingawa tusisahau kwamba huko Kiabukwa, Katanga, maji ya chemchemi ya moto yaliendesha mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi tangu 1952.

Megawati moja katika kituo hicho, Olkaria I, hutaka takriban tani 9 za mvuke kila saa. Mitambo mitatu ikizunguka yote, ni kama tani 400 kwa saa, usiku na mchana. Kwa hiyo tangu 1981 palikuwa na jaribio kubwa lisilokatizwa, na kila kisima kilichounganishwa kilikuwa na ukurasa wake: shinikizo la kichwani, mvuke, maji, enthalpi, kemikali. Hapo hifadhi ikaanza kueleweka kwa namna ambayo jaribio la wiki chache la kisima kipya haliwezi kamwe kuitoa.

Mwaka 1987 tarakimu hizo zilitokea katika jarida la kimataifa la jiofizikia, katika makala mbili zilizofuatana. Waandishi wake walikuwa Gudmundur Bodvarsson na Karsten Pruess wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California, Valgardur Stefansson na Sveinbjörn Björnsson wa Iceland, na Sebastian Bwire Ojiambo wa Kenya. Makala ya kwanza ilishughulikia yaliyopita na ya pili ikatabiri yajayo. Waliigawa Olkaria Mashariki katika vipande ndani ya kompyuta, kila kisima wakakipa kipande chake, kila kipande wakakipa uwezo wa kupitisha na nafasi ya kuhifadhi maji. Kisha wakaiambia kompyuta ichote kama ilivyochotwa kweli tangu mwanzo, wakalinganisha mvuke na enthalpi zilizotoka kwenye hesabu na zile zilizoandikwa daftarini. Pasipolingana, walirekebisha mwamba, wakaanza tena. Kisima kwa kisima, mpaka hesabu ikasimulia historia ileile iliyoandikwa na mafundi.

Mtu mwenye shaka anaweza kuuliza, na ana haki kuuliza: je, hakuna miamba miwili tofauti inayoweza kutoa majibu yaleyale? Ipo. Mwamba unaopitisha kwa shida lakini wenye nafasi nyingi za maji unaweza, kwa miaka michache, kufanana kwenye karatasi na mwamba mwepesi kupitika wenye maji machache. Ndiyo maana urefu wa historia una thamani kubwa hivyo. Kila mwaka unaoongezwa kwenye daftari hufuta baadhi ya miamba ya kubuni iliyokuwa ikiwezekana mwaka uliotangulia. Tena tarakimu za aina mbalimbali husaidiana: modeli ya kompyuta inayolingana na mtiririko lakini ikakosea enthalpi hutupwa, hata kama mstari wake unapendeza.

Kutokana na ulinganishaji huo makala ya pili iliweza kuuliza maswali ya mbele: visima viachane kwa umbali gani, uzalishaji utapungua kwa kasi gani, na maji yakirudishwa ardhini yatasaidia kiasi gani. Ilikuwa wazi kwamba visima vitachoka na vingine vitahitajika kujazia. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mvuke wa Olkaria I ulipungua hadi ukashindwa kuilisha mitambo mitatu kikamilifu. Visima vya kujazia vilivyochimbwa kwa ajili hiyo vikaunganishwa kimoja kimoja kuanzia katikati ya muongo huo, na kituo kikarudi kwenye uwezo wake. Upungufu uliotabiriwa bado ni upungufu, lakini unampa mhandisi muda wa kuagiza rigi.

Wakati huohuo huko California, Geysers ilikuwa ikitoa somo la upande wa pili. Uwanja huo wa mvuke mkavu, mkubwa kuliko wote duniani, uliongezwa mitambo kwa pupa katika miaka ya 1980 hadi uzalishaji ukafika kilele 1987, kisha ukaanguka kwa kasi. Kampuni kadhaa zilikuwa zikinyonya mvuke uleule, kila moja ikiwa na kipande chake na daftari lake, na takwimu nyingi zilikuwa siri ya kibiashara. Hakuna aliyeweza kuiona hifadhi nzima mpaka shinikizo lilipokwisha kuanguka na wote wakalazimika kukaa meza moja. Dawa iliyopatikana ilikuwa maji: tangu 1997 maji taka yaliyosafishwa yalianza kupelekwa huko kwa bomba kutoka Lake County, na tangu 2003 kutoka mji wa Santa Rosa, ili mwamba ambao bado ulikuwa na joto upate kitu cha kuchemsha.

Kule Olkaria nao walilijaribu jambo hilo, kwa uangalifu zaidi. Katika miaka ya 1990 visima vya katikati ya uwanja kama OW-3 na OW-12 vilimiminiwa maji baridi huku visima jirani vikipimwa. Rangi ya kufuatilia ilitiwa kwenye maji, kisha sampuli za majirani zikachunguzwa ili kujua ni kisima gani kimeyapokea na kwa muda gani. Matokeo yalitaka kusomwa kwa utulivu. Maji yanayorudishwa karibu mno huweza kuongeza mtiririko wa jirani kwa muda, na kwa juujuu mtu akafurahia. Lakini daftari la enthalpi likionyesha mstari unaoteremka, ujue maji yamepata njia ya mkato na hayapati nafasi ya kupashwa na mwamba. Mhandisi anayesoma mtiririko peke yake angeendelea kumimina. Anayesoma yote mawili anafunga vali, anatafuta mahali pengine.

Pengine jambo lisilosemwa vya kutosha ni wapi elimu hii ilikaa. Tangu 1979 Iceland imekuwa na mafunzo ya jotoardhi, zamani chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi huko kuliko Kenya. Mwanafunzi huenda na takwimu za visima vya kwao, huzichambua kwa miezi kadhaa, na ripoti yake huchapishwa ikawa wazi kwa wote. Cornel Ofwona, kwa mfano, aliandika mwaka 2002 uchunguzi wa hifadhi ya Olkaria Mashariki uliosimama juu ya miaka 20 ya uzalishaji. Mwaka 1987 Mkenya alikuwa mmoja kati ya majina matano. Kizazi kilichofuata kiliendesha modeli chenyewe, kwa visima ambavyo wengine wao walivipima kwa mikono yao.

Ukame wa 1999 na 2000 ulipoyakausha mabwawa na umeme ukagawiwa kwa zamu, nchi iliiona thamani ya Olkaria kwa macho. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Olkaria II ilianza 2003 na kufika megawati 105 mwaka 2010. Kampuni ya Ormat ikakuza kituo chake upande wa magharibi, Olkaria III. Visima vitatu vya uchunguzi vilivyochimbwa eneo la Domes 1998 na 1999 vilifungua mlango wa Olkaria IV, megawati 140 mwaka 2014, na karibu wakati huohuo mitambo miwili mipya ya jumla ya megawati 140 nyingine ikaongezwa Olkaria I. Olkaria V ikafuata 2019. Rigi zilikuwa zikishuka mita 3,000, mara tatu ya OW-1.

Mbio hizo zilinitia wasiwasi, na bado. Kisima kilichopimwa kwa miezi michache hakijasema mengi, na visima vingi vilivyofunguliwa kwa pamoja husababisha kila kimoja kuonekana chema kabla majirani hawajaanza kunyang'anyana. Mambo mawili yaliyofanyika yanapunguza wasiwasi huo. Kwanza, kabla ya upanuzi mkubwa kukamilika KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, iliwapa washauri wa Iceland kazi ya kuunda modeli ya Olkaria yote, si ya kipande kimoja, ikitumia historia ya visima vya tangu 1981 pamoja na vipya. Pili, tangu 2012 mitambo midogo ya megawati chache ilianza kufungwa kwenye vichwa vya visima vilivyokuwa vikingoja kituo kikubwa. Wengi waliisifu kwa sababu ilileta umeme mapema. Faida niliyoiona kubwa zaidi ni kwamba kisima kilichokuwa kikifungwa baada ya kupimwa sasa kilikuwa wazi kwa miaka, kikiandika historia yake kabla ya kupewa mzigo wa kudumu.

Mitambo mitatu ya mwanzo ilizunguka muda mrefu kuliko miaka 25 ambayo mitambo ya namna hiyo hupangiwa. KenGen ilipanga kuiondoa na kuweka mingine ya jumla ya megawati 63 mahali pa 45. Mitambo ya kisasa hutoa umeme mwingi zaidi kwa mvuke uleule, kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo haidai chochote kipya kutoka ardhini. Sehemu iliyobaki itadaiwa kwenye mwamba uliochotwa kwa zaidi ya miaka 40, wenye visima vifupi vya zamani vilivyokunywa tabaka la mvuke na visima virefu vya sasa vinavyofika mbali chini yake, na swali la kwanza kwa wanaoupima ni kama shinikizo la tabaka lile la juu limetulia au bado linashuka.